Ukiandika "Chanzo: Google", Hujataja Chanzo

Aliyekulia Moshi hahitaji ramani kujua Mawenzi iko wapi. Ukisimama mjini alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kilimanjaro, kilele cha Kibo kiko mbele yako na theluji yake, na Mawenzi iko mkono wa kulia, imechongoka kama jino lililovunjika. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, akaomba tena na tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kilele chake kiko vile mpaka leo.

Mwaka jana binti mmoja wa chuo aliingia kwenye stesheneri yangu na flashi mkononi. "Shikamoo mama, naomba kuprinti na kubaindi, nakala tatu." Ilikuwa ripoti ya utafiti kuhusu wakulima wa kahawa wa Kibosho. Huwa napitisha macho kwenye kurasa kabla ya kuzituma kwenye printa, maana wino wa rangi ni ghali na kurudia kazi kunamuumiza mteja. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha kubwa: tembo wanapita nyikani, nyuma yao mlima. Chini yake imeandikwa, "Kielelezo 1: Mlima Kilimanjaro unavyoonekana kutoka Moshi. Chanzo: Google." Mawenzi ilikuwa kushoto.

Nikamwambia, "Mwanangu, picha hii haikupigwa Moshi. Imepigwa upande wa Kenya, kule Amboseli."

Akashangaa. "Lakini mama, nimeandika 'Kilimanjaro Moshi', ikaja ya kwanza kabisa."

Tukaahirisha kuprinti, tukakaa karibu saa nzima mbele ya kompyuta. Niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu kosa lile nalikuta karibu kila wiki: kwenye ripoti za vyuo, kwenye vipeperushi vya watalii vinavyotoka Arusha, kwenye andiko la kuombea mkopo, hata kwenye programu za harusi.

Shida inaanzia hapa. Kila picha ya mtandaoni unayotaka kuiweka kwenye andiko lako inaleta maswali matatu, na watu wengi huyafunga fundo moja wakayajibu kwa neno moja. Swali la kwanza: picha hii inaonyesha kweli kile ninachosema inaonyesha? La pili: nina ruhusa ya kuitumia? La tatu: namtajaje aliyeipiga? Binti yule aliamini kwamba akishaandika "Chanzo", yote matatu yamekwisha. Hata hilo la tatu lilikuwa halijajibiwa.

Google ni barabara

Ukitoka soko la Mbuyuni na mkungu wa ndizi, mtu akakuuliza umenunua kwa nani, huwezi kumjibu "barabarani". Barabara ndiyo uliyopita. Google nayo ni njia. Tangu 2001 ilipoanza kutafuta picha, kazi yake ni kupita kwenye tovuti za watu, kuchukua nakala ndogo ya kila picha inayoikuta, na kukuonyesha nakala hizo kwa pamoja ukiandika maneno yako. Picha yenyewe inakaa kwenye tovuti ya mtu mwingine: gazeti, kampuni ya utalii, maktaba, au ukurasa wa mtalii aliyepanda mlima akarudi kwao. Pinterest nayo ni hivyo hivyo, kurasa ambazo watu wamebandika picha za wengine. Na ukurasa wa Facebook unaosambaza picha nzuri za Tanzania mara nyingi nao umeziokota mahali.

Maneno yaliyo karibu na picha ndiyo yanayoifanya itokee kwenye utafutaji. Kama kampuni imeandika "Safari za Kilimanjaro kutokea Moshi" kisha ikaweka picha ya Amboseli kwa sababu tembo wanapendeza, mashine itaiunganisha picha ile na neno Moshi. Haijui Mawenzi. Wewe unaijua. Ukitazama mlima kutoka kusini, yaani Moshi, mashariki iko kulia kwako na Mawenzi iko huko. Ukivuka upande wa pili ukautazama kutoka Kenya, mashariki inakuwa kushoto, na Mawenzi inahamia nayo. Kipimo hicho kimoja kinatosha kupanga picha nyingi za Kilimanjaro. Jihadhari tu na picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu watengenezaji wa matangazo huzigeuza ili maandishi yapate nafasi. Na siku hizi kuna picha zilizotungwa na akili mnemba, zenye Kibo iliyochongoka kama milima ya Ulaya. Kibo ya kweli ni bapa juu.

Arusha wana shida yao. Andika "Mlima Meru" kwa Kiingereza na unaweza kuletewa kilele cha Meru cha Himalaya, India. Andika "Meru" peke yake na unaweza kuletewa mji wa Meru ulioko Kenya. Kwa hiyo ongeza neno linalobana: "Arusha", au "Momela", au "kreta". Ukitafuta picha za kale, badilisha tahajia. Wajerumani waliandika Kilimandscharo, Moschi na Aruscha, na kumbukumbu zao bado zimepangwa kwa majina hayo. Nimeona watu wakikata tamaa kwamba hakuna picha za Moshi za zamani, kumbe wanaitafuta kwa jina ambalo mwenye picha hakulitumia.

Kumfikia mwenye picha si kazi ngumu. Kwanza bofya picha, kisha fungua ukurasa inakotoka, usome maelezo yaliyo chini yake. Kama jina la mpiga picha halipo, tafuta kwa kutumia picha yenyewe. Kwenye simu, ukiibonyeza picha kwa muda ndani ya Chrome utaona nafasi ya kuitafuta kwa Google Lens. Kuna pia TinEye, ambayo naipenda kwa jambo moja: inaweza kupanga matokeo kuanzia lile la zamani zaidi. Nakala iliyowahi kutokea mtandaoni kabla ya nyingine zote mara nyingi ndiyo iliyo karibu na mwenyewe. Sio mara zote, lakini inakupa pa kuanzia.

Usiitafute kwa picha uliyotumiwa WhatsApp ukitegemea kwamba faili lenyewe litakuambia kitu. Kamera huandika ndani ya faili tarehe, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali na jina la mpiga picha. WhatsApp inapobana picha huyafuta hayo yote. Picha iliyopita kwenye magrupu matano imefika kwako bila jina.

Ruhusa, jambo ambalo kutaja hakulimalizi

Hapa ndipo ninapopata ubishi. Mteja mmoja wa Arusha aliniletea kalenda ya kampuni yake, miezi 12, picha 12 zote za mtandaoni, kila moja na jina la mpiga picha kwa herufi ndogo. Alikuwa ameamini kabisa kwamba amemaliza. Nilimwambia kwamba kuandika jina la mwenye gari kwenye kioo hakukupi haki ya kuliendesha. Alikasirika, akaondoka, akarudi baada ya wiki na picha nyingine.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Jambo la kulishika katika sheria hii, na katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, ni kwamba haki inaanza pale kazi inapofanyika. Aliyepiga picha hahitaji kuisajili wala kuweka alama ya herufi c ndani ya duara. Kwa hiyo picha isiyo na jina ina mwenyewe, ila tu hujamjua. Kwa kawaida haki hiyo inadumu maisha yote ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Sheria hiyo hiyo imeacha milango. Mtu anaweza kunukuu kazi ya mwingine kwa kiasi cha haki, na mwalimu anaweza kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia, mradi chanzo na jina la mwenye kazi vitajwe. Kwa mwanafunzi anayeweka picha mbili kwenye ripoti itakayosomwa na msimamizi wake, mlango huo unatosha mara nyingi. Kwa anayechapa kalenda, kipeperushi au kitabu cha kuuza, hautoshi. Na ripoti ya chuo ikigeuzwa kitabu, au ikapandishwa mtandaoni watu wote waione, swali la ruhusa linaanza upya. Wengi husahau hatua hiyo.

Njia salama ni kutafuta picha ambazo wenyewe wamekwisha kutoa ruhusa hadharani. Shirika la Creative Commons lilianzishwa Marekani mwaka 2001, na Desemba 2002 likatoa leseni zake za kwanza: maneno ya kisheria yaliyoandaliwa tayari, ambayo mpiga picha anaweza kuyabandika kwenye kazi yake ili watu wasilazimike kumwandikia barua mmoja mmoja. Leseni ni sita, zote zinatokana na vipande vinne, na ukivijua vipande hivyo huhitaji kukariri leseni.

BY maana yake mtaje mwenyewe; kipande hiki kimo katika zote sita. NC maana yake isiwe kwa biashara. ND maana yake usisambaze toleo uliloligeuza. SA maana yake ukiigeuza, toleo lako nalo ulitoe kwa leseni ile ile. Basi CC BY-NC inasema itumie, nitaje, usiifanyie biashara. Kipeperushi cha kampuni ya kupandisha wageni mlimani ni biashara hata kama kinagawiwa bure pale Mnara wa Saa, kwa sababu kinatafuta wateja. CC BY-ND inakuruhusu kuiweka kwenye ripoti kama ilivyo, lakini kumtoa mtu mmoja kwenye mandhari na kumbandika kwenye mandhari nyingine, halafu ukasambaza, hapana.

SA ndiyo inayowatisha watu bure. Mwalimu mmoja aliniuliza kama akiweka picha ya CC BY-SA kwenye kitini chake, basi kitini chote ni cha watu wote. Kuweka picha bila kuigeuza, ikakaa kama kielelezo kando ya maandishi yako, hakuyageuzi maandishi yako kuwa toleo la picha ile. Sharti linaishika picha, na linaishika zaidi ukiichora upya au ukiiunganisha na nyingine ikawa kitu kipya.

Juu ya hizo sita kuna CC0, ambapo mwenyewe ameachia haki zote, na kuna kazi ambazo muda wa haki umekwisha, zikawa mali ya umma. Mfano ulio karibu nasi: rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer aliruka kwa ndege juu ya Kilimanjaro mwaka 1930, akapiga picha za Kibo kutoka angani. Alifariki 1937. Hesabu miaka 50, unafika 1987. Hata kwa nchi zinazohesabu miaka 70, unafika 2007. Picha zake zimehifadhiwa na ETH-Bibliothek, maktaba ya chuo kikuu cha ETH cha Zürich, na nyingi zinapatikana Wikimedia Commons. Mtu anayeandika kuhusu barafu ya mlima wetu akiziweka kando ya picha za setilaiti za NASA za 1993 na 2000, msomaji anaona kwa macho yake kilichopungua. Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, ila wanaomba watajwe, na nembo yao usiitumie.

Pa kutafuta, basi. Mimi naanza Wikimedia Commons, iliyofunguliwa 2004 na yenye mafaili zaidi ya milioni 100, kwa sababu kila faili lina ukurasa wake wenye jina la mpiga picha, tarehe na leseni. Kisha Openverse, inayotafuta kwenye hazina nyingi kwa mkupuo mmoja. Flickr nayo ina kichujio cha leseni, na usipokiweka utaletewa hata zile ambazo wenyewe wamehifadhi haki zote. Google ina kichujio cha haki za matumizi ndani ya zana zake za kutafutia picha; kiwashe, lakini usikiamini peke yake. Kinasoma kile tovuti ilichojitangazia. Aliyeiba picha anaweza kuitangaza kuwa huru.

Unsplash, Pexels na Pixabay zina leseni zao wenyewe zinazoruhusu hata biashara bila kulazimisha kutaja jina. Ni nzuri kwa picha ya kikombe cha kahawa au daftari. Kwa maisha yetu hazitoshi. Tafuta Tanzania humo, utapata simba, machweo na Mmaasai amesimama peke yake na mkuki. Mama anayechambua kahawa Kibosho, mfereji wa kienyeji unaopita kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, foleni ya vifodi vya abiria asubuhi, ni nadra mno. Jambo hili linaniuma, na nitalirudia mbele.

Kuna ruhusa nyingine ambayo leseni haiitoi: ya mtu anayeonekana ndani ya picha. Creative Commons inashughulikia haki ya mpiga picha tu. Mmaasai yule kwenye kipeperushi ana uso, ana familia, na huenda hajui kwamba anauza safari za siku saba. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Picha ya mgonjwa, au ya mtoto wa shule, usiitumie kwa sababu tu umeikuta mtandaoni. Na ukitumia picha za wakati wa Wajerumani, kama zile za Walther Dobbertin ambazo kumbukumbu ya taifa ya Ujerumani ilizitoa Wikimedia Commons mwaka 2008 pamoja na maelfu ya nyingine, yasome maelezo yake ya asili kwa uangalifu. Mara nyingi mzungu ana jina na Waafrika kumi waliosimama naye wanaitwa wapagazi. Unaruhusiwa kuandika maelezo yako mwenyewe chini ya picha, na nakusihi uyaandike.

Kuiweka isitoke ukungu

Wengi wananakili ile picha ndogo ya kwenye matokeo ya utafutaji na kuibandika moja kwa moja. Kwenye skrini ya simu inapendeza. Kwenye karatasi inakuja ukungu, na lawama inakwenda kwa printa yangu. Hesabu ni hii. Karatasi ya A4 ikishaondolewa pambizo inabaki na upana wa kama sentimita 16, yaani inchi 6.3. Chapa safi inataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha ya kujaza upana huo iwe na pikseli, yaani nukta za picha, kama 1,900 kwa upana. Zikiwa 950 bado inasomeka vizuri. Ile ndogo ya Google ina 200 na kitu, na ukiivuta ijaze ukurasa unabaki na pikseli 36 hivi kwa kila inchi. Hakuna printa itakayorudisha kisichokuwepo. Fungua ukurasa wa asili, pakua faili kubwa, lihifadhi kwenye folda ya ripoti yako kwa jina linaloeleweka, na papo hapo andika kwenye daftari au faili la maandishi: jina la picha, mpiga picha, anwani ya ukurasa, leseni, siku uliyoichukua. Ukisema utaandika baadaye, utaitafuta usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Kisha iingize kwa kutumia menyu, ile ambayo kwenye Word imeandikwa Insert, ukichagua picha kutoka kwenye kompyuta yako. Usiivute kutoka kwenye kivinjari kwenda kwenye ukurasa. Kunakili kutoka kivinjari wakati mwingine huingiza kiungo tu cha kwenda mtandaoni. Kwako, ukiwa na bando, unaona picha, na kwangu ukifungua flashi tunaona kisanduku kitupu chenye alama nyekundu. Hilo nalikuta mno wakati wa kukabidhi ripoti, na mwanafunzi anadhani nimemharibia kazi. Ukimaliza, geuza andiko kuwa PDF na uje na mafaili yote mawili.

Mambo mawili mengine ya Word yanasumbua. La kwanza, picha inatokea kama ukanda mwembamba tu, kama imezama nyuma ya maandishi. Picha haijaharibika. Aya hiyo umeiwekea nafasi ya mistari ya kipimo kamili, tuseme pointi 18, na picha iliyo ndani ya mstari inaonyeshwa pointi 18 tu. Rudisha nafasi ya aya hiyo iwe mstari mmoja wa kawaida, itajitokeza yote. La pili, picha inaruka kurasa kila ukiongeza maneno. Iache ikae ndani ya mstari kama herufi, peke yake kwenye aya yake, katikati ya ukurasa. Mitindo ya kuzungusha maandishi kando ya picha ni ya magazeti. Kwenye ripoti inakupotezea usiku.

Picha ya kamera hifadhi kama JPEG. Mchoro, ramani au jedwali lenye herufi, PNG. Tovuti nyingi sasa zinatoa WebP, ambayo Word za zamani hazifungui, basi igeuze kwanza. Unapopunguza ukubwa vuta pembe, usivute ubavu, la sivyo Kibo inakuwa kofia.

Na weka maelezo mbadala: sentensi moja iliyofichwa ndani ya picha inayosomwa na programu za wasioona. Shule ya Msingi Mwereni hapa Moshi imesomesha watoto wasioona kwa miaka mingi, na baadhi ya waliopita huko wanafika vyuoni. Ripoti yako inaweza kusomwa na mmoja wao. "Kibo ikiwa na theluji, Mawenzi kulia, migomba mbele" inatosha.

Kutaja

Sasa kutaja kunakuwa kwepesi, kwa sababu kila kitu kimo kwenye daftari lako. Vitu vinne: jina la picha, aliyeipiga, inakopatikana, leseni yake. Umeigeuza, hata kwa kuikata pembeni, sema. Chini ya picha ya Mittelholzer ungeandika hivi: "Kielelezo 2: Kibo kutoka angani, 1930. Picha: Walter Mittelholzer, ETH-Bibliothek Zürich, kupitia Wikimedia Commons. Mali ya umma." Hapo sheria hailazimishi hata kumtaja, lakini msomaji anayetaka kuhakikisha atajua pa kwenda, na hilo kwenye utafiti ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Kwa picha ya Creative Commons, badala ya "Mali ya umma" andika leseni na toleo lake, kama "CC BY-SA 4.0", na kwenye faili la PDF ifanye iwe kiungo. Ukipakua kutoka Wikimedia Commons, wanakupa maneno ya kutaja yakiwa tayari; yanakili tu, kisha tafsiri yale ya kutafsirika. Jina la mpiga picha liache jinsi alivyojiita mwenyewe, hata kama ni jina la mtandaoni lisilo na maana kwako.

Chuo chako kikidai mtindo wa APA wa kutaja vyanzo, namba na kichwa cha kielelezo vinakaa juu ya picha na maelezo ya chanzo yanakaa chini. Vyuo vingine vinataka vyote chini. Fuata mwongozo wa chuo chako, na tumia kitufe cha Word cha kuweka maelezo ya picha ili namba zijipange zenyewe na orodha ya vielelezo ijitengeneze mwanzoni. Anayeandika namba kwa mkono, akiongeza picha moja katikati, anaanza kuhesabu upya.

Ukisahau jina kwenye picha ya toleo la 4.0, leseni inakatika, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, inarudi. Kwa hiyo ukiambiwa umekosea, usibishane, rekebisha.

Kama picha unayoitaka haina leseni yoyote na mwenyewe unamfahamu, mwandikie. Binti yule aliona Instagram picha nzuri ya kuanika kahawa, akawa anaogopa kuuliza. Tuliandika pamoja: "Habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Moshi. Nimeona picha yako ya kuanika kahawa. Naomba ruhusa kuiweka kwenye ripoti yangu ya utafiti, nakala tatu za karatasi na faili moja la PDF la chuo. Jina lako nitaliandika chini ya picha kama utakavyoniambia." Mwenye picha alijibu jioni ile ile, akampa na faili kubwa. Tulilihifadhi jibu lake pamoja na ripoti. Ona kwamba ombi limesema nakala ngapi na wapi; mtu akijua mipaka ya anachoombwa, kukubali kunakuwa rahisi.

Ile picha ya tembo tuliitoa. Nilimuuliza kwa nini asiupige mlima mwenyewe, maana anauona kila asubuhi akienda chuo. Alidhani picha ya simu haina hadhi ya kuingia kwenye utafiti. Wengi hapa wanadhani hivyo, ndiyo maana picha za kwetu mtandaoni zimejaa macho ya wageni. Simu ya kawaida inatoa pikseli 4,000 kwa upana, mara mbili ya ukurasa unavyohitaji. Ripoti inapata picha ya mahali penyewe, tarehe inajulikana, ruhusa ni yako, na ukitaka unaipandisha Wikimedia Commons ili mwanafunzi wa mwakani aikute.

Baada ya siku mbili akanitumia picha WhatsApp, ameipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mawenzi ilikuwa kulia. Maelezo alikuwa ameshayaandika: "Kielelezo 1: Mlima Kilimanjaro unavyoonekana kutoka Moshi mjini, Kibo katikati na Mawenzi kulia. Picha: mwandishi." Tarehe aliisahau, akaiongeza. Ila picha ilikuwa imebanwa na WhatsApp, na theluji imekuwa doa jeupe, kwa hiyo nikamwomba aitume tena kama dokyumenti. Ikaja na megabaiti nne, na mikunjo ya Mawenzi ikaonekana mmoja mmoja.